Zafira, Mtoto wa Ziwa la Pili

Kumbukumbu ya kwanza ya Zafira ilikuwa tamu, na utamu huo ndio nusura umnyang'anye mtoto.

Alikumbuka joto la zizi wakati wa theluji, kondoo wamebanana ubavu kwa ubavu na mvuke unawapanda migongoni kama chungu kilichofunuliwa. Alikumbuka amelala kwenye mapaja ya mtu, juu ya sketi nzito ya sufu inayonuka moshi, na mdomoni ana ziwa. Maziwa ya moto, matamu. Uso wa mwenye ziwa hakuuona, zizi lilikuwa giza, ila mkono wake ulimpapasa kisogoni taratibu, kama unamwomba radhi. Na Zafira wakati huo meno anayo, maneno anayo, na miguu ya kumfikisha zizini anayo.

Mahali pengine mtu angekaa na kumbukumbu kama hiyo akajiliwaza nayo uzeeni. Kule Sivino, kijiji kilichoning'inia kwenye milima ya Rodopi kama shati kwenye kamba, ilikuwa ni kesi.

Maana Sivino mtoto huachishwa ziwa mara moja. Mama huketi kizingitini amempa mtoto mgongo, na nyuma yake ameweka mkate mdogo wa mviringo na yai la kuchemsha. Mtoto akishaokota yai, ziwa limefungwa. Mama akimwonea huruma akamrudishia, hata tone moja, yule mtoto atakua na macho mabaya. Roho yake yaweza kuwa safi kabisa. Tatizo ni macho tu. Akikipenda kitu akakitazama, unga hauumuki, mwana-kondoo anapooza miguu, maziwa yanakatika. Na kadiri anavyokipenda, ndivyo kinavyoharibika upesi. Mtu mwenye chuki hana madhara sana kule milimani. Wanaoogopwa ni wenye mapenzi waliorudishwa ziwa.

Nyumba aliyokulia Zafira ilikuwa ya wanawake nusu ya mwaka. Baba yake, Stamen, na baba yake mdogo waliswaga kondoo, wakiacha wachache katika zizi lililo chini ya nyumba, kila vuli ikifika siku ya Mtakatifu Dimitri, wakateremka kusini hadi tambarare za Bahari Nyeupe kufuata majani, na hawakurudi hadi siku ya Mtakatifu Giorgi, masika. Huku nyuma theluji ilipanda hadi dirishani ikachungulia watu wanakula nini. Walikuwa wanakula maharage. Theluji ikasikitika ikaendelea kupanda.

Waliobaki ndani walikuwa watatu wakubwa. Kera, mama yake Zafira, mwanamke wa maneno machache, ambaye hata akiungua na sufuria alisema "ah" na kuendelea na kazi. Mitra, mke wa baba mdogo, mnene, mcheshi, fundi wa kufuma, aliyekuwa na mtoto mchanga mwaka uleule Zafira alipoachishwa ziwa. Na juu yao wote Bibi Stoina, mama yake Stamen.

Bibi Stoina alikuwa mtu wa kushuku. Pua yake iliwahi kunusa nia ya mbwa mwitu aliyekuwa bado upande wa pili wa bonde, hajaamua kama anakuja. Kuku wake walitaga mafichoni kwa kuogopa kuhojiwa. Padri akija kubariki nyumba, Bibi alimbusu mkono kisha akatazama kama pete bado ziko kwenye vidole vyake mwenyewe.

Siku aliyotoa Zafira siri yake, walikuwa wameizunguka meza ya chini, kila mtu na kijiko chake. Zafira alikuwa mdogo, na alikuwa na furaha. Maharage yalikuwa na nyama kidogo siku hiyo.

"Nimekumbuka nilivyokuwa nanyonya kule zizini," alisema.

Bibi Stoina aliweka kijiko chini. "Ulinyonya nini?"

"Maziwa."

"Ya kondoo?"

"Ya mtu."

Mitra alikohoa. Kera aliinuka kuongeza kuni motoni, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mtu gani?" Bibi aliuliza, sauti yake laini kama ya mtu anayemwita kuku wa kuchinja.

"Sikumwona uso. Kulikuwa na giza."

"Ulikuwa umeshaokota yai?"

"Yai nilishakula zamani," alisema Zafira kwa majivuno. "Lilikuwa na chumvi."

Bibi Stoina akamtazama Mitra. Akamtazama Kera mgongoni. Akamtazama na paka, maana hakuwa mtu wa kubagua. Kisha akasema, "Neno hili lisivuke kizingiti. Likivuka nitajua nani kalivusha, na ulimi wake nitaupika na kabichi."

Tangu siku hiyo utoto wa Zafira ulikuwa chini ya ulinzi. Bibi alimshonea kofia yenye shada la nyuzi nyekundu penye paji la uso, likining'inia mpaka machoni, akawa anaiona dunia kupitia vijinyuzi kama kuku aliye ndani ya tenga. Asubuhi alifanyiwa majaribio. Bibi alimkamata kuku mmoja mbaya wa sura, kipara shingoni, ambaye hakuwahi kutaga tangu azaliwe, akamweka mbele yake.

"Mtazame. Msifu."

"Ana miguu mizuri," Zafira alisema.

"Msifu kwa moyo."

"Ana miguu mizuri sana, Bibi. Ya manjano."

Wakasubiri afe. Kuku badala ya kufa akataga, tena yai kubwa ajabu, likapasuliwa likakutwa lina viini viwili. Bibi Stoina alilitazama yai lile kwa muda mrefu.

"Hata hii si dalili nzuri," alisema.

Lakini mtu akimwuliza Zafira ukubwani habari za utoto wake, uso ulimng'aa. Hakukumbuka kuonewa. Alikumbuka jinsi Mama Mdogo Mitra alivyomfundisha kufuma akiwa amefumba macho. "Usiuangalie uzi wangu, wee. Shika. Uzi mzuri unateleza kama samaki, mbaya unakwaruza kama ndevu za baba yako mdogo. Sikia hapo. Umesikia ndevu?" Wakacheka mpaka mtoto wa Mitra akaamka. Alikumbuka kukanda unga hivyohivyo, macho kayafumba, viganja vya Bibi juu ya viganja vyake, akijifunza unga unapokuwa tayari kwa ulaini wake tu, kama ndewe ya sikio. Kulikuwa na vitu vingi sana ambavyo Zafira alivijua kwa vidole kabla ya kuvijua kwa macho.

Na alikumbuka matusi. Maana njia pekee ya kumkinga anayependwa na jicho ni kumtukana, ili jicho lidhani hana thamani. Kila mama wa Sivino humwambia mwanawe "ptu, kabaya haka" anapomfunika usiku, mara moja, kwa utaratibu, basi. Katika nyumba ya Bibi Stoina, kwa sababu ya hofu ile, yalitukanwa yote yaliyopendwa kuanzia alfajiri.

"Njoo nikuchane, wee mwenye nywele kama mkia wa punda aliyenyeshewa," Bibi alikuwa akimwita.

"Na wewe, Bibi, pua kama mzizi."

"Vizuri. Tena."

"Pua kama mzizi alioutema nguruwe."

"Mjukuu wangu huyu," Bibi alimwambia Mitra, na macho yanamlengalenga. "Jinamizi. Sijaona kibaya kama hiki tangu nizaliwe."

Zafira alilala usingizi mzito, katukanwa vya kutosha.

Mama yake tu ndiye asiyekuwa na ufundi huo. Kera alimwogesha kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mjozi, akamkausha, akamvisha, bila neno. Ila kila Zafira alipoanza kusimulia habari ya zizini, maana mtoto hachoki na jambo tamu, Kera alikumbuka kazi fulani nje.

Swali la nani aliyemnyonyesha halikufa. Bibi Stoina alilitunza kama watu wanavyotunza chachu. Juma hili alimshuku Mitra, akamwuliza mbona alinenepa mwaka ule. Juma linalofuata alimshuku mke wa padri, ambaye alikuwa amekwisha kufariki na hakuweza kujitetea. Aliwahi kumshuku mbuzi. Na akienda kisimani, akakuta wanawake wananong'ona juu ya ile kofia ya mjukuu wake yenye shada, alikuwa wa kwanza kusema.

"Yana, macho yako leo yanawaka. Hukurudishwa ziwa wewe?"

"Mimi, Bibi Stoina? Mungu apishe mbali. Mama yangu alikuwa mkali."

"Nauliza tu. Ng'ombe wangu alikupita jana, leo anachechemea."

Basi Yana alishinda akitafuta mashahidi wa kuachishwa kwake ziwa, na wenzake nao wakaanza kutazamana. Mwaka hadi mwaka hakuna mwanamke kisimani Sivino aliyepata nafasi ya kumshuku Zafira, kila mmoja alikuwa anajitetea mwenyewe. Bibi Stoina alijaza maji yake akaenda zake.

Zafira akakua. Shada likafupishwa, kofia ikawa kitambaa, kitambaa kikawa cha bibi harusi. Aliolewa ng'ambo ya mlima, kijiji cha Lukavo, na Manol, kijana mpole mwenye masikio makubwa, naye mchungaji, naye wa kuondoka kila vuli. Nyumba ya Manol iliongozwa na mama yake, Giurga.

Giurga alikuwa mtengeneza jibini, na mtengeneza jibini hawezi kuwa mtu wa kuamini ovyo. Alionja kila kitu kabla ya kukikubali: maziwa, chumvi, maji ya kisima, maneno. Alimpokea mkwe wake vizuri. Alimpa ufunguo wa ghala, akamwonyesha wapi yalipo matandu ya kuwapa mbwa. Mwaka mzima hakumwona na kosa.

Majira ya baridi, Manol akiwa tambarare na kondoo, Zafira akajifungua mtoto wa kike. Wakampa jina Despa. Na hapo ndipo utoto wake mtamu ulipomponza.

Alimpenda mtoto yule mpaka akaogopa. Na kwa kuwa aliogopa, alifanya alichofundishwa. Giurga alipita mlangoni na kikombe cha supu, akamsikia mkwe wake ameinamia susu ya mtoto.

"Kibaya changu wee. Kiazi kilichosahauliwa shimoni. Chura wa bwawa lisilo na jina. Una masikio kama viatu vya askari. Nani atakuoa, nani, kibogoyo wewe mwenye kichwa kama bakuli la uji uliomwagika?"

Giurga alisimama akasikiliza mpaka supu ikapoa. Matusi aliyajua, alikuwa amemtukana Manol kila usiku kwa utaratibu. Lakini haya yalikuwa yanatiririka. Haya yalikuwa ya mtu aliyesomea. "Na mtu hajifunzi hivi bure," alijisemea. "Kwao walikuwa wanakinga nini?"

Juma hilohilo jibini lilikatika mapipa yote mawili. Kisha Despa akaanza kulia mchana kutwa, akakataa ziwa, akapata vipele shingoni. Giurga alidondosha makaa ya moto kwenye bakuli la maji, kama wafanyavyo kutafuta jicho lilikotoka, na makaa yakazama yakilia chiii, yote, hata moja halikuelea: jicho lilikuwa humohumo ndani.

"Mkwe," alisema, "nitakuuliza kitu, na unijibu hapohapo. Ulirudishwa ziwa?"

Kama Zafira angesema "hapana" palepale, yangekwisha. Lakini kichwani mwake lilipita zizi, na mvuke, na ule mkono kisogoni, na kwa muda wa kumeza mate alitabasamu.

"Sijui, mama," alisema.

"Hujui. Mtu anajua kama ana kidonda."

"Nakumbuka kitu. Sijui alikuwa nani."

Giurga alikwenda akaleta kitambaa cheusi cha mazishi. Tangu siku hiyo Zafira alimnyonyesha mwanawe akiwa amefungwa macho, Giurga ameketi mbele yake, na mtoto akishiba anachukuliwa chumba kingine. Na vipele vikapungua. Hilo ndilo lililomkata maini Zafira, vilipungua kweli. Usiku alijiuliza kama si kweli yeye ni sumu, na usiku huohuo alijishika akijaribu kumwona mtoto kwa vidole: pua, kidevu, mkunjo wa shingo, kama alivyojua uzi na unga. Lakini nani anataka kumjua mwanawe kama unga?

"Sina chuki nawe," Giurga alimwambia. "Wewe ni mchapakazi. Lakini wanaume wakirudi lazima mambo yawe yamejulikana. Kama ulirudishwa, utarudi kwenu Sivino, na mtoto atabaki hapa kwangu. Manol atakulilia, atazoea. Kama hukurudishwa, mama yako aniambie mwenyewe, juu ya mkate na chumvi."

"Nitakwenda nimwulize."

"Tutakwenda wote. Ukienda peke yako mtapanga la kusema."

Theluji ilipolainika wakapanda mlima na nyumbu. Giurga mbele, na mtoto amemfunga kifuani kwake. Zafira nyuma ya mkia wa nyumbu, asije akamtazama. Njia nzima aliona kisigino kidogo kimoja chenye soksi, kikichungulia ubavuni mwa mama mkwe. Akatazama pembeni.

Sivino waliwakuta wote watatu, Kera, Mitra na Bibi Stoina. Bibi alikuwa amezeeka sana, amebaki kama ganda la jozi lililovikwa shali, meno hana, jicho moja limefunga duka. Hilo la pili liliwatazama wageni mmoja mmoja, likatua kwa Giurga.

"Umekuja na mtoto umemfunga kifuani na mama yake yuko nyuma," alisema. "Ama nyumbu wenu ana akili kuliko nyinyi, ama kuna neno."

Waliandaliwa meza. Giurga hakula. Alilieleza jambo lake lote, bila kuongeza wala kupunguza, makaa, jibini, vipele, na kile mkwe wake alichosema anakikumbuka. Hakuna aliyemkatiza. Kisha akamgeukia Kera.

"Mama Kera, mimi na wewe ni wakwe. Sitaki ugomvi. Ulimrudisha huyu ziwa baada ya yai?"

Kera alikuwa amesimama na kisu cha mkate.

"Subiri kwanza," Bibi Stoina alisema. "Mimi ni mzee, nasahau. Hebu nikumbushe, mtu wa Lukavo. Kwenu mwanamke aliyekoma uzazi, akimpa mtoto titi, linahesabiwa?"

Giurga alimtazama kwa pembe ya jicho, akitafuta mtego uko wapi. Lakini kanuni ni kanuni, na aliijua.

"Halihesabiwi," alisema kwa shingo upande. "Hilo ni la kumnyamazisha mtoto tu."

"Hata kwetu ni hivyo. Basi acha kumsumbua Kera, mtoto wa watu, hajui lolote, alikuwa amelala. Nilikuwa mimi."

Mitra aliangusha kijiko. "Wewe, mama?"

"Mimi. Unashangaa nini, kwani yangu yalikuwa ya mbao? Theluji ilikuwa imefunga mlango. Mtoto ana homa, hali mkate, hanywi maziwa ya mbuzi, analia hata mbwa wa jirani wanalia. Nikampeleka zizini kwenye joto, nikampa titi alitafune apate usingizi. Likatoka."

"Likatoka nini?" Giurga aliuliza.

"Divai. Maziwa, mama, maziwa. Mengi. Mtoto akashiba akacheua. Yaliyobaki nikatengeneza jibini."

"Jibini."

"Kipande hivi. Wewe ni mtu wa kazi hiyo, utanielewa, lilikuwa na mafuta mno, halikukaza. Paka akala. Aliishi sana paka yule."

Mitra alijifunika uso kwa aproni, mabega yanamtikisika. Giurga hakucheka. Miaka yote ya kuonja maziwa yaliyoletwa na watu ilikuwa usoni mwake.

"Mbona ulikaa kimya miaka yote hii?" aliuliza. "Mkwe wangu ananiambia wewe ndiye uliyekuwa ukihoji nyumba nzima."

"Ningefanyaje? Nijihoji mwenyewe? Mwanamke wa umri wangu, mume amelala makaburini, na mimi natoka maziwa. Wangesema nini kisimani? Nilishuku wenzangu ili nisishukiwe. Nenda ukanishitaki."

"Uko tayari kuapa?"

"Kera," alisema Bibi, "kata mkate."

Kule milimani anayeapa hula mkate uliochovywa chumvi mbele ya anayemdai. Akiwa mwongo unamkwama kooni, na kama haukumkwama leo unamngoja, na siku akifa hauruhusu roho itoke vizuri. Watu waliacha mashamba kwa kuogopa kipande hicho. Kera alikata, kisu kikagonga meza. Giurga mwenyewe akachovya chumvi, nyingi, akamkabidhi mzee.

"Nilimpa mtoto huyu titi mimi, na si mwingine," alisema Bibi Stoina, akaingiza mkate mdomoni.

Bila meno ile ilikuwa kazi. Aliusukuma mkate shavu hili, akausukuma shavu lile. Giurga aliinama mbele akimtazama koo. Na Zafira, ambaye alikuwa akilitazama hilohilo koo, kuna kitu kilimfanya ageuke amtazame mama yake.

Kera hakuwa akipumua. Kisu bado kipo mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeikamata nguo yake kifuani, upande wa kushoto, umeikunja na kuishika kama mtu anayefunika kitu kisionekane. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake vile watu wanavyomtazama mtu wao anayevuka mto juu ya barafu nyembamba, huku anavuka kwa ajili yao.

Zafira akaelewa. Akaelewa na yale mengine: kuku kipara, mke wa padri marehemu, mbuzi, Yana kisimani. Mzee yule alijua tangu siku ya maharage, pengine tangu siku ya zizi lenyewe. Alimshuku kila kiumbe Sivino, zamu kwa zamu, ili shaka isipate kukaa mahali pamoja ikamwona Kera.

Bibi Stoina alikohoa.

Giurga akainuka nusu. Mitra akanyanyua uso kutoka kwenye aproni. Mzee alikohoa tena, akawa mwekundu, akaupiga mkono mezani, akameza.

"Mkate wako, Kera," alisema akijifuta machozi, "tangu umeolewa ni mkavu. Nipe kingine."

Akala na kingine, bila chumvi.

Giurga aliketi. Mwisho alisema, "Basi. Ameapa," na akatoka nje kumtazama nyumbu, ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Mara tu mlango ulipofungwa Zafira alipiga magoti kwa Bibi. "Umeapa uongo juu ya mkate. Kwa ajili yangu."

"Nani kaapa? Mimi nimekula. Tangu asubuhi hawa hawajanipa kitu."

"Bibi. Utamwambia nini Mungu?"

"Atakuwa wa kwanza kuulizwa yeye. Nitamwuliza theluji ile ilipofunga mlango na mtoto anapoa, alikuwa wapi, na nani shahidi wake." Jicho lake moja lilimkagua Zafira kuanzia juu hadi chini. "Umekonda, kijiti wewe. Umekuwa mbaya maradufu."

Mama yake alimsindikiza hadi uani na furushi la chakula. Alilikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Ulikuwa umeanza kupoa," Kera alisema. "Miguu."

"Nimejua, mama."

Kera akatikisa kichwa, akarudi ndani. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Walipanda mlima kwa mpango uleule, Giurga mbele na mtoto, Zafira nyuma. Walipofika kwenye chemchemi iliyo chini ya misonobari, Despa aliamka akaanza kulia njaa. Wakasimama. Giurga akaketi juu ya jiwe, akamfungua mtoto kifuani. Zafira, kwa mazoea, akatoa kile kitambaa cheusi mfukoni akakipeleka machoni.

"Acha," Giurga alisema.

Kitambaa kikasimama njiani.

"Bibi yako ni mwongo," alisema Giurga. "Jibini la maziwa ya mtu haligandi. Nimelijua hilo kabla hajamaliza kusema. Lakini ameapa mbele yangu, na siwezi kumvunjia kiapo mtu aliyekaribia kuondoka. Shika mtoto."

Zafira akampokea. Akamweka kwenye ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu baridi kali akamtazama mwanawe mchana kweupe. Alikuwa na nyusi. Hakuwa anajua kama amekwisha kuota nyusi.

Mtoto alinyonya. Mama alitazama. Giurga, juu ya jiwe lake, aliwatazama wote wawili bila kupepesa, akingoja aone kitakachotokea.

"Endelea," alisema. "Mtazame wewe. Mimi nakutazama wewe."